Kuhesabu Matone: Taharuki na Picha katika Filamu Pumzi ya Wanuri Kahiu

Katika semina ya uhakiki, wanafunzi huniuliza mara kwa mara kama filamu inaweza kusomwa kwa vyombo vile vile tunavyotumia kusomea riwaya na tamthilia. Nawajibu kwamba inaweza, mradi tuongeze chombo kimoja ambacho riwaya haikidai, nacho ni jicho. Msuko, wahusika, mandhari na taharuki vimo katika filamu kama vilivyo kitabuni. Lakini kitabuni mwandishi anatuambia tu kwamba chumba kina giza. Katika filamu kuna mtu aliyechagua taa, akaiweka upande fulani na kuuacha upande mwingine gizani. Mhakiki asiyeuona uchaguzi huo amesoma nusu ya kazi.

Makala haya yanasoma filamu fupi iitwayo Pumzi, iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009. Nimeichagua kwa sababu tatu. Kwanza, ina urefu wa dakika 21 hivi, yaani kama kipindi kimoja cha tamthilia ya televisheni, na msomaji anaweza kuitazama mara tatu katika alasiri moja. Pili, ni bunilizi ya kisayansi, utanzu ambao tunausoma kidogo mno katika kitivo chetu. Tatu, ina jina la Kiswahili, na inazungumzia maji, udongo na ruhusa ya kutoka, mambo ambayo mtu wa Lualaba hahitaji kufafanuliwa.

Kabla ya kuingia ndani niseme neno juu ya kukosoa. Kazi ya Mwafrika inapofika mbele yetu, huwa tunaugua mojawapo ya magonjwa mawili. Ama tunaisifu kwa kuwa ni yetu, na sifa hiyo haimfundishi yeyote. Ama tunaidharau kwa kuwa haina fedha za filamu za Marekani, na dharau hiyo nayo haimfundishi yeyote. Uhakiki wa kujenga una kanuni rahisi: eleza kazi inajaribu kufanya nini, onyesha inapofaulu na kwa njia gani, onyesha inapolegea na kwa sababu gani, kisha pendekeza kitu ambacho msanii angeweza kukifanya kwa fedha na muda aliokuwa nao. Pendekezo linalohitaji bajeti mara kumi si pendekezo.

1. Filamu na asili yake

Wanuri Kahiu alisomea uongozaji wa filamu Marekani, katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles. Baadaye alijulikana zaidi kwa Rafiki, filamu ya Kenya iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku nyumbani. Pumzi ilipigwa picha Afrika Kusini na kupata msaada wa mpango wa Africa First wa kampuni ya Focus Features, wa Goethe-Institut na wa mfuko wa Changamoto. Januari 2010 ilionyeshwa katika tamasha la Sundance.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita vya kugombea maji, watu waliobaki katika eneo la Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa iitwayo Maitu. Nje kunasemekana kuwa kumekufa. Ndani, kila mtu ana mgao wa maji. Jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena. Umeme unatokana na miili ya watu wanaofanya mazoezi juu ya mashine. Hata ndoto zinapimwa: mashine ikitambua kwamba umeota, inakuamuru umeze dawa ya kuzuia ndoto. Asha, anayechezwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya mimea na wanyama waliotoweka. Siku moja anapokea kisanduku chenye udongo, bila jina la aliyemtumia. Anaupima na kukuta una maji na hauna sumu ya mionzi. Anapanda humo mbegu ya makumbusho, nayo inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka akautafute mahali udongo ulipotoka; Baraza linamkatalia. Walinzi wanaivamia makumbusho. Kwa msaada wa mwanamke anayesafisha vyoo, Asha anatoroka na mche wake, anavuka jangwa, anaupanda, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anaulalia kuukinga na jua. Kamera inapanda juu, na pale alipolala unakua mti.

2. Taharuki ni nini, na mshtuko ni nini

Alfred Hitchcock, katika mazungumzo yake marefu na François Truffaut mwaka 1962, alitoa mfano ambao walimu wa filamu wameurudia tangu hapo. Watu wawili wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde chache. Ikiwa anajua, na anaiona saa ukutani, mazungumzo yale yale ya kawaida yatamkaba koo kwa dakika nzima. Hali ya kwanza ni mshtuko, na ya pili ni taharuki.

Tukiuchambua mfano huo tunapata nguzo tatu. Mtazamaji lazima ajue kitu (kuna bomu). Lazima apewe kipimo (saa). Na lazima awepo mtu anayeweza kupoteza kitu tunachokithamini (wale wawili). Nguzo moja ikikosekana, taharuki inageuka kuwa kitu kingine: bila ujuzi tunabaki na fumbo, bila kipimo tunabaki na uchovu, bila cha kupoteza tunabaki na maonyesho tu. Nitazitumia nguzo hizi tatu kama rula.

3. Mahali taharuki inaposhika

Nusu ya kwanza ya Pumzi imesukwa vizuri sana. Haituhubirii kwamba maji ni haba; inatufundisha kuhesabu. Tunaona chupa ndogo. Tunaona jasho likikusanywa. Tunaona mkojo ukipita katika kichujio na kurudi kuwa kinywaji, na hakuna anayekunja uso, maana kwa watu wale ni jambo la kila siku. Baada ya dakika chache mtazamaji amekuwa mhasibu wa matone. Ndiyo maana Asha anapomwaga maji yake juu ya mbegu tunashika pumzi: tunajua bei ya kile anachokimwaga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kahiu amekijaza kibaba mbele ya macho yetu ili tuumie anapokimimina.

Tendo la pili lenye nguvu ni la kunusa udongo. Mashine imeshatoa majibu yake na kazi ya kisayansi imekwisha. Hapo Asha anausogeza udongo puani. Ni tendo dogo mno, hata mkulima wetu hulifanya bila kufikiri msimu wa mvua unapoanza. Lakini katika dunia ile linavunja sheria zote, kwa kuwa mtu anaamini pua yake kuliko kipimo cha serikali. Papo hapo anazama katika ndoto ya maji. Hakuna bunduki wala ving'ora, na bado tunajua kwamba maisha yake ya zamani yamekwisha.

Tatu ni onyesho la Baraza. Wanawake watatu wanamkabili Asha kupitia skrini. Hawapigi kelele wala hawamtishi. Wanafuata utaratibu. Ombi limepokelewa, limetazamwa, limekataliwa. Msomaji wa huku kwetu aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akisubiri muhuri anatambua mara moja jinsi ukatili unavyoweza kuvaa sura ya adabu. Hapa Kahiu amefanya jambo ambalo waandishi wengi wa bunilizi za kisayansi hulikosa: mpinzani wa shujaa ni karatasi.

Ningependa tu onyesho hilo lipewe muda zaidi. Kukataliwa kunakuja haraka, kabla hatujapata kuamini kwamba huenda Asha angekubaliwa. Taharuki huishi katika nafasi iliyopo kati ya ombi na jibu. Kama mmoja wa wale watatu angesita, akatazama mara mbili picha ya mti, akawageukia wenzake, tungetumaini kwa sekunde kumi, na kukataliwa kungetuuma maradufu. Pendekezo hili lingegharimu uso wa mwigizaji mmoja na ukimya.

4. Mahali taharuki inapolegea

Kulegea kunaanza pale Asha anapovuka mlango. Kwanza, filamu inaacha kuhesabu. Ile rula tuliyofundishwa kuitumia ndani ya Maitu haiendelei kutumika kwa bidii ile ile jangwani. Tunaona kwamba ana maji, tunaona kwamba mwishoni yanakwisha, lakini hatupewi ngazi za katikati. Asubuhi chupa ilikuwa na kiasi gani? Adhuhuri je? Ni lini alichagua kati ya koo lake na mche? Uchaguzi huo ndio moyo wa hadithi, nao unatokea mara moja tu, mwishoni, ilhali ungeweza kutokea mara tatu, kila mara kwa bei kubwa zaidi.

Pili, hatujui umbali. Mtu anayetembea jangwani bila sisi kujua amebakiza nini anaonekana kama anatembea mahali pamoja. Hata alama moja tu ingetosha: jengo la Maitu linalozidi kuwa dogo nyuma yake kila anapogeuka.

Tatu, waliomfukuza wanatoweka. Walinzi walioivamia makumbusho kwa nguvu hawaonekani kuwa na haja naye tena. Na yule msafishaji wa vyoo, mtu wa pekee aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya Asha, hapewi nafasi ya kutosha tuone bei anayolipa. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Uhusiano wa wanawake hawa wawili, mmoja mwenye cheo kidogo na mwingine asiye na chochote, umejengwa kwa ustadi: Asha anamgawia maji, naye baadaye anamlipa kwa uhuru. Tungeonyeshwa uso wake mara moja tu wakati Asha yuko jangwani, kila hatua ya Asha ingekuwa na uzito wa watu wawili.

Kuna hoja inayoweza kuletwa kunipinga. Mwanafunzi mmoja makini aliniambia kwamba nusu ya pili si hadithi ya kutoroka, ni ngano; Asha anageuka kuwa alama, na alama haihitaji saa ukutani. Naiheshimu hoja hiyo. Lakini ngano zetu ndizo zinazohesabu kuliko tanzu zote. Msichana anavuka mito mitatu na kila mto unamdai kitu. Mlango haufunguki mpaka wimbo uimbwe mara ya tatu, na hadhira inaimba pamoja na msimulizi kwa sababu inajua mara ya tatu inakuja. Kurudiarudia kwenye hesabu ni taharuki ya simulizi, na ni ya kale kuliko Hitchcock. Hivyo hata tukikubali kwamba jangwa la Pumzi ni ngano, bado tunaweza kuidai ngano ile mito yake mitatu.

5. Picha: rangi, mwanga na umbali

Katika picha, nguvu kubwa ya filamu hii ni ubahili wake. Ndani ya Maitu rangi ni za kijivu na giza, na sehemu kubwa ya mwanga inatoka kwenye mashine. Nje ni weupe unaochoma. Kijani kimewekwa akiba. Tunakiona katika ndoto, tunakiona katika mche mdogo, na tunakiona mwishoni. Kwa kuwa macho yetu yamenyimwa, jani moja linakuwa tukio. Mwanafunzi wa ushairi ataitambua mbinu hii: neno lililotumiwa mara tatu tu katika shairi refu linasikika kuliko lile linalorudiwa kila ubeti.

Tazama pia mwanzo. Kamera inapita juu ya vipande vya magazeti ya zamani vinavyotaja ukame na joto la dunia, kisha inafika kwenye chupa za vielelezo na mbegu yenye jina la Maitu, neno la Kigikuyu lenye maana ya mama. Historia ya dunia nzima imesimuliwa bila msimulizi, kwa karatasi na chupa. Ni somo kwa yeyote anayetaka kuandika kipindi cha televisheni: kabla ya kumpa mhusika hotuba ya kueleza yaliyopita, jiulize kama kitu kilichowekwa mezani kinaweza kuyaeleza.

Udhaifu upo katika picha za nje zilizotengenezwa kwa kompyuta. Jumuiya ya Maitu ikitazamwa kwa mbali inaonekana bapa, kama iliyobandikwa juu ya mchanga, na macho yaliyokwisha kuamini jasho na kichujio yanarudi nyuma kidogo. Kahiu alieleza katika mahojiano kwamba alizichunguza filamu za miaka ya 1950 na mbinu zao za mandhari ya kuchorwa. Ni chanzo kizuri, lakini mandhari ya kuchorwa hufaulu inapoonyeshwa kwa muda mfupi. Pendekezo langu ni kupunguza picha hizo na kuongeza sauti: upepo unaopiga ukuta tusiouona wote, chuma kinachopanuka kwa joto. Sikio halihitaji bajeti kubwa, na linaamini haraka kuliko jicho.

Kwa kulinganisha, nawaelekeza wasomaji kwenye Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021. Hadithi yake iko Burundi, picha zilipigwa Rwanda, na inaanza na wachimbaji wa koltani. Watunzi hawa walikwepa tatizo la mandhari bandia kwa kuwavisha wahusika mabaki ya vifaa vya elektroniki: nyaya, vibao vya kompyuta, vyuma vilivyotupwa. Wakati ujao umejengwa kwa takataka za leo, na mtazamaji anauamini kwa kuwa angeweza kuushika. Vivyo hivyo mfululizo wa katuni Kizazi Moto, vipindi 10 vilivyotolewa na Disney+ Julai 2023 chini ya studio ya Triggerfish ya Cape Town, ulionyesha jinsi mikono ya nchi mbalimbali za Afrika, pamoja na Kenya na Uganda, inavyoweza kuuchora wakati ujao kwa maumbo ya kwao. Kila kipindi ni kifupi kuliko Pumzi, na linaibuka tatizo lile lile: dunia mpya inakula muda mwingi kuelezwa, na taharuki inabakiwa na dakika chache.

Picha ya mwisho ya Pumzi haina haja ya kusahihishwa. Asha amelala, kamera inapanda, mwili unakuwa mdogo, mti unakua. Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi. Kahiu ametengeneza pia filamu ya maisha ya Wangari Maathai, mwanzilishi wa harakati ya upandaji miti ya Green Belt mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na ni vigumu kuitazama picha hii bila kumkumbuka. Kitu kimoja kinanivutia zaidi kila ninapoirudia: katika nusu ya kwanza kamera iko karibu sana na ngozi, kwenye jasho na vidole, mwishoni iko mbali kabisa. Tumelipa ukaribu wote ule ili umbali huu uume.

6. Watazamaji wa Kasaji

Wakati wa likizo niliionyesha filamu hii Kasaji, kwenye reli iendayo Dilolo, katika ukumbi mdogo, kwa kompyuta na betri ya jua. Walikuwapo vijana wa sekondari, walimu wawili, na akina mama waliotoka shambani. Nilitafsiri kwa sauti yale machache yanayosemwa. Maneno yao mawili yamenifaa kuliko vitabu kadhaa.

La kwanza lilitoka kwa kijana wa kidato cha mwisho, mara tu filamu ilipokwisha: "Ule mwenye kutuma bulongo ni nani?" Ukumbi mzima uliguna kukubali. Mtunzi ana haki ya kuacha swali wazi, lakini hapa swali lililoachwa ndilo lililouwasha msuko wote. Kuliacha bila hata kulirudia kunamfanya mtazamaji ahisi limesahauliwa. Tofauti kati ya fumbo lililohifadhiwa na fumbo lililosahauliwa ni kwamba la kwanza hutajwa tena. Ingetosha Asha akikikuta jangwani kisanduku kingine kama kile, kitupu.

La pili lilitoka kwa mama mmoja mkulima wa mihogo, ambaye alikuwa kimya muda wote. Asha alipochimba mchanga chini ya jua kali, alitikisa kichwa na kusema: "Shiye hatupandake na juwa ya midi, mwalimu. Mayi itapika mizizi." Vijana walicheka. Mimi nilifungua daftari.

Wengine wangesema mama yule hakuelewa kwamba ni hadithi. Nadhani alielewa kuliko sisi. Alikuwa ameshika nguzo ya kwanza ya taharuki, yaani ujuzi. Anajua kwamba mche uliong'olewa hupandwa jioni, ili upate usiku mzima wa kujishika kabla ya jua. Hebu sasa tuufuate ujuzi huo mpaka mwisho. Asha anafika mahali adhuhuri. Akipanda sasa, mche utakufa. Lazima asubiri jua lishuke. Ana maji ya vidonge viwili vya koo. Mche umo mikononi, jani limeanza kulegea, kivuli hakuna isipokuwa cha mwili wake. Kwa hiyo anausimamia na kuupa kivuli chake, na kivuli kinahama, naye anahama nacho, saa baada ya saa. Jua limekuwa saa ya ukutani. Kivuli kimekuwa kipimo. Cha kupoteza kimo mikononi. Nguzo zote tatu zimesimama bila mwigizaji wa ziada, bila kompyuta, bila senti moja. Na picha ya mwisho, mwili uliolala juu ya mche, inakuwa tamko la mwisho la jambo tulilolitazama kwa dakika tano.

Nasisitiza mfano huu kwa kuwa unagusa kazi yetu kitivoni. Tumezoea kudhani kwamba uhakiki unatoka chuoni kwenda kijijini. Ujuzi wa mkono, wa kupanda, wa kuchimba, wa kupika, ni hazina ya taharuki ambayo mwandishi aliyesoma vitabu tu hana. Anayetaka kuandika tukio ndani ya shimo la kobalti na amuulize mchimbaji wa Kolwezi ni sauti gani ya udongo inayomfanya akimbie.

7. Sauti na lugha

Sisi ni kitivo cha lugha, kwa hiyo siwezi kumaliza bila kugusa hili. Katika Maitu watu hawasemi kwa vinywa. Wanagusa mashine, nayo inasema badala yao, kwa Kiingereza, kwa sauti isiyo na hasira wala furaha. Kama uamuzi wa kisanii ni wa hali ya juu: jumuiya inayosafisha mkojo na kuzima ndoto imesafisha pia usemi. Kinachobaki mdomoni ni pumzi tu, na ndipo jina la filamu linapopata maana. Tunamsikia Asha akihema usingizini, juu ya mashine ya mazoezi na jangwani. Pumzi ndiyo lugha yake ya mwisho.

Hata hivyo naona nafasi iliyoachwa. Tuna jina la Kiswahili juu ya filamu na neno la Kigikuyu juu ya chupa ya mbegu, kisha lugha hizo mbili zinanyamaza. Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, aliipeleka hadithi yake kwenye sayari nyingine na akaificha maana yote katika jina: wale ni sisi. Kiswahili hakikuwa pambo, kilikuwa ufunguo. Nafikiria dakika ile ya kuagana kwa Asha na msafishaji wa vyoo. Kama mmoja wao angefungua kinywa na kunong'ona neno moja tu la Kiswahili, chini ya usikivu wa mashine, tungejua kwamba kuna usemi uliosalimika gizani kama mbegu ile. Tungejua pia kwamba kuna hatari mpya, maana kuta zinasikiliza. Neno moja lingefanya kazi ya taharuki na ya maana kwa pamoja.

8. Kwa nini jambo hili lina uzito kwetu, na zoezi

Lualaba haina jangwa. Tuna mito, tuna miezi ya mvua isiyokatika, tuna bwawa la Nzilo. Hofu yetu ya maji ni ya aina nyingine: mto Musonoi unapita Kolwezi umejaa, na swali ni nani anayethubutu kuunywa. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika nchi yetu na kuingia katika betri za magari na simu ambazo filamu za wakati ujao zinazionyesha kwa fahari. Metali yetu imo tayari katika wakati ujao wa wengine. Lugha yetu na ujuzi wetu havimo, na havitaingizwa na mtu mwingine. Baadhi yenu mmeanza kuandika miswada ya vipindi vifupi. Nimeisoma michache, na ndani yake nimekuta dunia zilizobuniwa vizuri zisizo na saa ukutani. Ndiyo sababu nimekaa na Pumzi kwa urefu huu.

Basi zoezi ni hili, kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Itazame Pumzi mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili, zima sauti, uorodheshe kila mahali kijani kinapoonekana. Mara ya tatu, funga macho, usikilize, uorodheshe kila mahali unaposikia mtu akihema. Kisha chagua onyesho moja kutoka nusu ya pili uliandike upya kwa ukurasa mmoja, ukizingatia masharti matatu: usiongeze mhusika, usiongeze mashine, na mpe mtazamaji kipimo anachoweza kukifuata kwa jicho. Kabla ya kuleta kazi yako semina, msomee mtu mmoja ambaye hajasoma chuo, umwulize ni wapi alitaka kujua kitakachofuata na ni wapi aliacha kujali. Andika jibu lake chini ya ukurasa kama alivyolisema, kwa Kiswahili chake. Tutaanza na majibu hayo.